Hazina Huanzia Mezani Kwako: Kuanzisha Hazina ya Git kwa Mstari wa Amri

Hotuba kwa maofisa TEHAMA na wanafunzi, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti wa kikao, wakufunzi, maofisa TEHAMA mliosafiri kutoka Kondoa, Bahi, Kongwa na Mpwapwa, na ninyi wanafunzi mliokubali kukosa usingizi wa Jumamosi ili mfike hapa mapema: mbukwenyi.

Nimepewa mada inayoonekana ndogo, nayo ni namna ya kuanzisha hazina mpya ya Git kwa kutumia mstari wa amri, yaani kwa kuandika amri badala ya kubonyeza vitufe. Git ni programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, na hazina ni folda ya mradi pamoja na historia yake. Amri yenyewe, git init, ina maneno mawili, na mtu mwenye haraka angeweza kuyaandika ubaoni akashuka jukwaani kabla chai haijaletwa. Nimeomba nafasi kubwa zaidi kwa sababu maneno hayo mawili hayana tabu yoyote. Tabu imo katika yale yanayoyatangulia na yanayoyafuata papo hapo, yaani jina la nani litaandikwa kwenye kumbukumbu, folda ipi ihesabiwe kuwa ndiyo mradi, faili lipi liingie na lipi lisitie mguu humo kamwe. Mambo hayo huamuliwa katika robo saa ya kwanza, mara nyingi bila mtu kujua kwamba ameamua, na Git imeundwa kwa namna ambayo maamuzi ya robo saa hiyo ni magumu mno kuyafuta baadaye.

Naomba kwanza niondoe dhana moja ambayo naikuta kila ninapofundisha. Vijana wengi wanaamini kwamba Git ni tovuti. Mradi mpya unapoanza, wao hufungua kivinjari, huingia kwenye akaunti, hubonyeza kitufe, kisha huteketeza bando kushusha folda ambayo ndani yake hamna kitu, ilhali kompyuta iliyo mbele yao ingeweza kuitengeneza folda hiyohiyo kwa kupepesa jicho, hata kama mnara wa simu umezimika. GitHub, mojawapo ya tovuti hizo, ilianza kutoa huduma mwaka 2008. Git yenyewe ilikuwapo tangu 2005. Tovuti hizo zina manufaa makubwa na nitazigusa baadaye, lakini ni mahali pa kupeleka nakala ya hazina ambayo tayari ipo. Hazina huzaliwa kwenye mashine yako.

Sababu ya kuwa hivyo imo katika historia yake, ambayo nitaieleza kwa ufupi. Mwanzoni mwa mwaka 2005 waundaji wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux walikuwa wakitunza msimbo wao kwa BitKeeper, programu ya kampuni binafsi ambayo waliruhusiwa kuitumia bila malipo. Ruhusa hiyo ilipoondolewa, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaamua kuandika mfumo wake mwenyewe, na kufikia tarehe 7 Aprili mwaka huo mfumo huo mchanga ulikuwa tayari unatunza historia ya msimbo wake wenyewe. Mwezi Julai usimamizi wake ulikabidhiwa kwa Junio Hamano. Mifumo iliyozoeleka wakati huo, kama CVS na Subversion, ilitegemea seva moja ya kati: ukitaka kuandikisha badiliko, sharti uifikie seva hiyo, na isipopatikana unakaa ukisubiri. Waundaji wa Linux walikuwa wametawanyika duniani kote, kwa hiyo katika Git kila mtu alipewa historia nzima mkononi mwake, na kuandikisha badiliko kukawa kazi ya diski ya kompyuta yake pekee. Ndugu zangu mnaofanya kazi Hombolo au Kibaigwa hamhitaji kuelezwa kwa kirefu kwa nini jambo hilo linatufaa.

Sasa tuingie kazini. Kwa mfano wetu wa leo tuchukue programu ndogo ya chama cha msingi cha wakulima wa zabibu. Mkulima analeta zabibu kwenye kreti, karani anapima, programu inatoa uzito wa kreti na kuandika kilo halisi za kila mwanachama. Programu iko kwenye faili moja, mizani.py, pamoja na faili la maelezo, README.md. Tutaiita folda yake mizani.

Kabla ya kuigusa folda hiyo, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Kwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ipo tayari. Kwenye Windows, Git ikishasakinishwa huja na terminali yake iitwayo Git Bash, nami nawashauri mtumie hiyo kwa zoezi la leo ili sote tuwe na amri zinazofanana. Andika:

git --version

Usiidharau amri hii. Ubuntu 20.04, ambayo bado imo kwenye maabara nyingi, ilikuja na Git 2.25, na jambo moja nitakalowaonyesha punde lilianza na toleo 2.28 la Julai 2020. Kujua toleo lako mapema kutakuepusha na kubishana na mashine.

Kisha linafuata suala la jina. Kila kumbukumbu inayowekwa kwenye hazina, ambayo nitaiita komiti kama mnavyoiita wenyewe kazini, hubeba jina na anwani ya barua pepe ya aliyeiandika. Usipojitambulisha, Git hujaribu kukisia kutoka kwenye mipangilio ya kompyuta, na ikishindwa hukataa kazi na kukutaka useme wewe ni nani. Maelekezo mengi mtakayoyasoma yanasema muandike hivi:

git config --global user.name "Jina Lako Kamili"
git config --global user.email "anwani yako ya barua pepe"

Kwa mwenye kompyuta yake binafsi, maelekezo hayo yanatosha. Kwa ofisi zetu hayatoshi, na hapa naomba tukae kidogo. Neno --global linaandika jina hilo katika faili la .gitconfig ndani ya folda ya nyumbani ya mtumiaji, na tangu hapo hazina zote zinazoanzishwa chini ya mtumiaji huyo zitabeba jina hilo. Tunajua hali ilivyo: kompyuta moja ya kitengo, mtumiaji mmoja, nywila imebandikwa pembeni ya skrini, na watu watatu wanapokezana. Wa kwanza akishaweka jina lake kwa --global, kazi ya wenzake wawili kwa mwaka mzima itasomeka kuwa ni yake, pamoja na makosa yao. Mkaguzi akija kuuliza ni nani aliyebadilisha kanuni ya kutoa uzito wa kreti, hazina itamtaja mtu ambaye siku hiyo alikuwa likizo. Dawa ya kweli ni kila mtu kuwa na akaunti yake kwenye kompyuta. Hilo likishindikana, liache neno --global, na baada ya kuanzisha hazina andika amri hizohizo mbili ukiwa ndani ya folda ya mradi, ili jina likae kwenye hazina hiyo peke yake, kisha kila anayeketi kwenye kiti alithibitishe kabla hajaanza kazi kwa kuandika git config user.name na kusoma jibu. Ni adha, nakubali. Adha hiyo ni ndogo kuliko kujieleza mbele ya mkaguzi.

Jina likishakaa sawa, tafuta mahali uliposimama. Andika pwd, usome jibu hadi mwisho. Nasisitiza jambo hili dogo kwa sababu ukiandika amri ya kuanzisha hazina ukiwa kwenye folda yako ya nyumbani, Git haitakuuliza mara mbili. Itaigeuza folda nzima ya nyumbani, pamoja na picha za harusi, barua za maombi ya kazi na kila kitu kilichoshushwa, kuwa mradi mmoja. Vilevile hakikisha kwamba hujasimama ndani ya hazina nyingine. Kuna njia rahisi ya kujua: andika git status. Ukijibiwa kwa neno fatal, kisha maelezo kwamba hapo si ndani ya hazina ya Git wala folda za juu yake, basi furahi, kwa maana leo ni mara moja moja ambapo ujumbe wa kushindwa ndio unaotafutwa. Ukipata jibu lingine lolote, simama. Hazina ikiwekwa ndani ya hazina, ile ya nje haihifadhi yaliyomo kwenye ya ndani. Huandika alama tu kwamba pana hazina nyingine mahali hapo, na mwenzako atakayechukua nakala atakuta folda tupu, akudhanie umemficha kazi.

Ukiwa na uhakika wa mahali, andika:

mkdir mizani
cd mizani
git init -b main

Amri mbili za kwanza zinatengeneza folda na kukuingiza ndani yake. Sehemu ya mwisho ya amri ya tatu, -b main, inalipa jina tawi la kwanza, yaani mkondo wa kwanza wa historia. Hii ndiyo iliyoanza na toleo 2.28. Kwenye toleo la zamani utaambiwa kwamba b haijulikani. Hapo andika git init pekee, na baada ya komiti ya kwanza ulibadilishe jina la tawi kwa git branch -M main. Ukiacha jina la tawi lijichagulie, kompyuta moja italiita master na nyingine main, na siku ya kukutanisha kazi mtakuwa na matawi mawili yasiyofahamiana ndani ya mradi mmoja.

Hazina imeshaanza. Kwa macho folda bado ni tupu, lakini andika ls -a, na utaona folda iliyojificha, .git. Humo ndimo historia yote itakamokaa, na humo tu. Ukiifuta, mafaili yako ya kazi yanabaki salama ila historia inapotea yote. Ukiinakili folda ya mizani pamoja na .git iliyomo, umeinakili hazina nzima. Hakuna huduma inayofanya kazi kisirisiri nyuma ya pazia, wala kanzidata iliyojificha mahali pengine. Nawaomba mwingie ndani mkaone, kwa kuwa mtu aliyeiona .git kwa macho yake huacha kuiogopa Git. Mtakuta folda ya objects, ambako yaliyomo kwenye kila faili yatahifadhiwa yakiwa yamebanwa. Folda ya refs, ambako majina ya matawi yanakaa. Folda ya hooks, yenye mifano kadhaa ya programu ambazo hazifanyi lolote hadi uondoe mkia wa .sample kwenye majina yao; faili la config; na faili dogo liitwalo HEAD. Lisomeni hilo la mwisho kwa cat .git/HEAD. Lina mstari mmoja:

ref: refs/heads/main

Maana yake ni kwamba kwa sasa upo kwenye tawi la main. Lakini ukienda kulitafuta tawi hilo ndani ya refs/heads hulikuti. Halijazaliwa bado. Tawi katika Git ni jina linaloelekeza kwenye komiti, na komiti haijawahi kuwekwa, kwa hiyo HEAD inaelekeza kwenye jina ambalo halina kitu. Ndiyo sababu ukiandika git log, amri ya kuonyesha historia, wakati huu unaambiwa kwamba tawi la main halina komiti yoyote. Wanafunzi wengi wakiuona ujumbe huo hudhani wameharibu, wakaifuta folda na kuanza upya, kisha wakaupata uleule. Hamjaharibu kitu. Na hata mkiandika git init mara ya pili mahali hapohapo, Git itasema imeianzisha upya hazina iliyokuwapo, wala haifuti chochote cha historia.

Ndugu Mwenyekiti, hatua inayofuata ndiyo hasa iliyonifanya niombe muda. Kabla ya kuingiza faili hata moja, lazima tuamue nini kisiingie.

Tuitazame folda yetu ya mizani baada ya siku chache za kazi. Ina mizani.py na README.md, sawa. Ina pia faili la .env lenye nywila ya kanzidata. Ina wanachama.csv, yaani majina ya wakulima, namba zao za simu na namba zao za kitambulisho cha taifa, ambalo mwandishi wa programu aliliweka hapo ili ajaribishe programu yake kwa taarifa halisi. Ina folda ya __pycache__ iliyotengenezwa na Python yenyewe, na faili la kumbukumbu za makosa linalonenepa kila siku. Mwenye haraka ataandika git add, amri ya kuingiza mafaili, na nukta yenye maana ya kila kilichomo kwenye folda, na vyote vitaingia. Hatajua, kwa maana programu itaendelea kufanya kazi vizuri kabisa. Atajua mwaka unaofuata, hazina itakapopelekwa kwa mkandarasi au kwenye tovuti, na namba za simu za wakulima wa chama kizima zikaenda nayo.

Kwa upande wa sheria suala hili si la mzaha. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mtu anayekusanya namba za vitambulisho vya wakulima ana wajibu wa kuzilinda. Hatapona kwa kusema kwamba faili liliingia lenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya git add ya kwanza, tengeneza faili liitwalo .gitignore na uandike ndani yake, mstari kwa mstari, vitu ambavyo Git ivipuuze:

.env
wanachama.csv
__pycache__/
*.log

Kuna vikwazo viwili vya kipuuzi kwenye Windows ambavyo hula muda wa watu, navyo nitavitaja kwa sababu havitajwi inavyostahili. Ukiliandika faili hilo kwa Notepad, huenda likahifadhiwa kama .gitignore.txt, na Git haitalijali. Chagua aina zote za mafaili unapohifadhi, au uliandike kwa kihariri cha msimbo. La pili, ukilitengeneza kwa alama ya mshale (>) ndani ya PowerShell ya zamani inayokuja na Windows, faili litaandikwa kwa usimbaji wa UTF-16, ambao kwa macho unaonekana sawa lakini Git haiusomi. Mtu anakaa akitazama faili sahihi kabisa ambalo halitiiwi. Ili usikisie, muulize Git mwenyewe:

git check-ignore -v wanachama.csv

Itakujibu ni mstari wa ngapi wa faili gani unaolizuia faili hilo. Ikikaa kimya, faili hilo halijazuiwa.

Wapo watakaoniuliza, je, ikiwa faili la siri limeshaingia? .gitignore haina nguvu juu ya faili ambalo tayari linafuatiliwa. Amri ya git rm --cached italiondoa kuanzia komiti inayofuata, lakini katika komiti zilizopita litabaki, na yeyote mwenye nakala anaweza kulisoma. Kulisafisha kabisa kunahitaji kuiandika upya historia kwa zana kama git filter-repo, kisha kila mwenzako atupe nakala yake na achukue mpya. Nywila iliyowahi kuingia kwenye hazina iliyotoka nje ya chumba ihesabu kuwa imevuja, uibadilishe siku hiyohiyo, hata kama umeisafisha historia.

Sasa tunaweza kuingiza. Kwa komiti ya kwanza nawashauri msitumie nukta. Tajeni mafaili kwa majina:

git add .gitignore README.md mizani.py
git status

Soma orodha inayotoka. Mafaili yaliyo tayari kuandikishwa yanaonekana juu, na yasiyofuatiliwa chini. Kama juu kuna kitu usichokitarajia, kitoe sasa. Ukitaka kuona maandishi yenyewe yatakayoingia, andika git diff --staged. Git ina hatua hii ya katikati, kati ya kuhariri na kuandikisha, na wengi huilalamikia kuwa ni urasimu. Mimi naiona kuwa sehemu bora ya mfumo mzima, kwa sababu ndiyo nafasi ya mwisho ambapo kubadili mawazo hakukugharimu kitu. Jambo la kukumbuka pembeni ni kwamba Git haihifadhi folda tupu. Inahifadhi mafaili, na folda hutokea kwa sababu lina faili ndani yake. Ukihitaji folda ya ripoti iwepo tangu mwanzo, weka humo faili lolote dogo.

Kisha andikisha:

git commit -m "Anzisha programu ya mizani: kupima na kutoa uzito wa kreti"

Ujumbe umeandikwa kwa Kiswahili, na hakuna kinachoizuia Git kuupokea. Kama wote watakaousoma ni wa kitengo chenu hapa Dodoma, sioni sababu ya mtu kujikamua Kiingereza cha kubabaisha kiasi kwamba baada ya miezi sita hata yeye mwenyewe haelewi alichobadilisha. Git itajibu kwa mstari unaotaja tawi la main, neno root-commit, na herufi saba hivi za mwanzo za namba ya komiti. Sasa tawi la main limezaliwa, rudini kwenye .git/refs/heads mtalikuta.

Namba hiyo inastahili maelezo. Walio kwenye utumishi wa umma wanaijua masijala: kila barua inayoingia hupewa namba ya folio ndani ya jalada, na ukiona folio 14 inafuatiwa na folio 16 unajua kuna aliyenyofoa karatasi. Karani wa masijala ndiye anayetoa namba, na karani akishirikiana na mwizi namba zinaweza kuandikwa upya. Katika Git namba haitolewi na mtu. Inakokotolewa kutoka kwenye maudhui yenyewe kwa kanuni ya SHA-1, ikatoka tarakimu na herufi 40, na katika hesabu hiyo huingizwa hali ya mafaili, jina la mwandishi, saa, ujumbe, pamoja na namba ya komiti iliyotangulia. Ukibadilisha herufi moja katika komiti ya zamani, namba yake inabadilika, na za zote zinazoifuata zinabadilika pia, kwa hiyo kila mwenye nakala ya zamani ataona kwamba historia yako hailingani na yake. Hilo ndilo linaloeleza kwa nini nilisema robo saa ya kwanza ni ngumu kufutika: jina lililokosewa kwenye komiti ya kwanza limo ndani ya hesabu ya komiti zote za baadaye.

Mnaweza kuhakikisha sasa hivi mkiwa mmekaa. Tengenezeni faili lisilo na kitu ndani, liitwalo tupu, kwa amri ya touch tupu, kisha muandike git hash-object tupu. Kila mmoja humu ndani atapata namba inayoanza na e69de29, na aliyeko Helsinki akifanya vivyo hivyo atapata ileile, kwa sababu maudhui ni yaleyale. Nawapeni nafasi mtazamane skrini.

Tukishakuwa na hazina yenye komiti, linakuja swali la kushirikiana, na hapa pia intaneti si sharti. Kama ofisi ina seva, au hata kompyuta moja ya mezani iliyounganishwa na nyingine kwa waya, tengenezeni humo hazina isiyo na mafaili ya kazi, ambayo kazi yake ni kupokea na kugawa tu:

git init --bare -b main /srv/git/mizani.git

Kisha kwenye kompyuta yako, ndani ya folda ya mizani:

git remote add origin ofisi@seva:/srv/git/mizani.git
git push -u origin main

Hapo neno ofisi ni jina la mtumiaji na seva ni jina la mashine, na amri ya push ndiyo inayosukuma, yaani kupeleka, komiti zako huko. Badilisheni kulingana na kwenu. Sababu ya kutumia --bare ni kwamba hazina ya kawaida ina mtu anayeifanyia kazi, na Git itakataa kusukumiwa mabadiliko kwenye tawi ambalo mtu huyo amelifungua, isije ikamvurugia. Kama wanaosukuma ni watumiaji mbalimbali wa kikundi kimoja kwenye seva, ongezeni --shared=group wakati wa kuianzisha, la sivyo faili lililoandikwa na mmoja litamgomea mwingine.

Pasipo na seva, fleshi inaweza kushika nafasi hiyo. Amri ni zilezile, isipokuwa badala ya anwani ya seva mnaandika njia ya fleshi. Ofisa aliyeko Bahi anasukuma kazi yake kwenye fleshi asubuhi, dereva anaileta mjini, na mwenzake anachukua nakala kwa git clone ikiwa na historia yote, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Mkiichomeka kwenye Windows mnaweza kukutana na ujumbe kwamba umiliki wa hazina una mashaka. Ulinzi huo uliongezwa mwaka 2022, na unatokea kwa sababu fleshi za kawaida hazirekodi mmiliki wa faili. Git itawaandikia amri ya safe.directory ya kuiruhusu njia hiyo. Isomeni njia iliyotajwa kabla ya kuinakili, na msiweke nyota ili kuruhusu kila kitu. Pia msiifanye fleshi hiyo kuwa nakala yenu pekee, maana mnajua zinavyopotea na zinavyorudi na virusi kutoka sehemu za kuchapishia.

Kuhusu tovuti kama GitHub na GitLab nitasema machache. Ukienda huko kuitengenezea hazina yako makao, iache tupu kabisa. Ukikubali tovuti ikuwekee README, itakuwa imeanzisha historia yake yenye komiti yake ya kwanza, na kusukuma kwako kutakataliwa kwa kuwa historia mbili hazina asili moja. Na kwa walio kwenye halmashauri na wizara: mifumo ya umma ina Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Mamlaka iliyoundwa chini yake, kwa hiyo msimbo wa mfumo wa ofisi usiupeleke kwenye akaunti yako binafsi kabla hujapata idhini ya mkuu wa kitengo kwa maandishi.

Limebaki swali nililoletewa kwenye karatasi wakati wa chai, kutoka kwa ofisa ambaye tayari ana folda tatu: mizani_mpya, mizani_mpya_sahihi, na mizani_ya_mwisho_2. Anauliza aanzie wapi. Tafuta ni ipi inayotumika kazini leo, kwa kuangalia kompyuta ya karani wa mizani, si kwa kuamini jina la folda. Hiyo ndiyo utakayoandikia git init; amri hiyo hukubali folda yenye mafaili tayari na haigusi hata moja. Andika .gitignore, angalia git status, weka komiti ya kwanza. Zile nyingine mbili zibane kwenye zipu, ziweke nje ya mradi, na ukihitaji kitu kutoka humo kilete kama badiliko la kawaida lenye ujumbe unaosema kimetoka wapi. Wapo wanaojaribu kuijenga upya historia kwa kuandikisha folda za zamani kwa mpangilio na kuzipa tarehe za nyuma kwa --date. Inawezekana, ila mimi siipendi, kwa sababu mpangilio wa folda hizo wanaukisia, kisha makisio yao yanasomeka kama kumbukumbu halisi.

Ambao bado hawana Git kwenye kompyuta zao, kisakinishi cha Windows kiko kwenye fleshi zilizo meza ya mbele, na wenye Ubuntu watumie sudo apt install git kwa mtandao wa ukumbi. Wengine wote fungueni terminali, muandike pwd, na msiendelee na git init hadi mkufunzi aliye kwenye safu yenu apite na kuona mmesimama folda ipi.